Wiki tatu kabla ya mtihani wa jiolojia, na mawe yote yanafanana

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza hapa Dodoma na nina somo la utangulizi wa jiolojia. Mtihani wa mwisho umebakiza wiki tatu. Kwenye jaribio la kwanza nilipata 9 kati ya 20, ingawa nilikesha na madesa yote. Slaidi zinazidi mia tatu. Nikizisoma naelewa, nikizifunga sikumbuki kitu. Praktikali ndiyo balaa kabisa, mawe yote nayaona yanafanana. Hata jiwe nililookota kwenye kilima nyuma ya hosteli, lenye madoa meusi na meupe, nimeshindwa kulipa jina. Nianzie wapi, nisome nini na niache nini?

Marahaba, mwanangu. Hilo jiwe usilitupe. Liweke mezani, tutalirudia.

Nimesahihisha karatasi za somo hili miaka mingi, na wanaopata tisa kati ya ishirini si wavivu. Mvivu hupata tatu. Tisa ni alama za mtu aliyekesha: majina anayo, lakini swali likigeuzwa kidogo tu, majina hayamfai kitu. Kwenye slaidi alisoma kwamba granaiti ina chembe kubwa na raiolaiti ina chembe ndogo. Mtihani ukamwuliza kwa nini mawe mawili yenye madini yale yale, moja chembe zake ni kama punje za mahindi na jingine hazionekani kwa macho. Hapo kalamu ikasimama.

Kila jina katika jiolojia ni kisa kilichofupishwa. Ukisema "granaiti" umesema: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, yenye silika nyingi ilinasa chini ya ardhi, ikapoa polepole mno, madini yakapata muda wa kukua. Ukisema "raiolaiti" umesimulia magma ya aina ile ile iliyofika juu ikapoa upesi, chembe zikakatizwa zikiwa changa. Wanaochimba chumvi kwenye mabwawa ya pwani wanalijua jambo hili bila kwenda chuo: maji yakikauka taratibu fuwele huwa kubwa, yakikauka haraka zinatoka kama unga. Basi lile jedwali la miamba moto linalokutisha lina maswali mawili tu ndani yake: magma ilikuwa na nini, na ilipoa kwa kasi gani. Gabro na basalti ni ndugu kama walivyo granaiti na raiolaiti. Dioraiti na andesaiti vilevile. Ukishika maswali hayo mawili unaweza kulichora jedwali zima kwenye karatasi tupu, na ukisahau jina moja unajua pengo lake liko wapi.

Kwa hiyo katika wiki hizi tatu, kila ukikutana na jina uliza: hiki kilitokeaje? Na ujibu kwa Kiswahili kwanza. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mtihani wako utaandikwa kwa Kiingereza, na wengi mnaumia mara mbili: hamjaelewa kitu chenyewe, na juu yake mnabeba sentensi za lugha ya tatu au ya nne mliyojifunza maishani. Mweleze mwenzako wa chumbani anayesoma uhasibu namna mwamba wa chokaa unavyogeuka marumaru. Akikuuliza "sasa joto hilo linatoka wapi?" ukakwama, umepata ukurasa wa kusoma usiku huo. Akielewa, chukua jina la Kiingereza ulibandike juu ya kisa ambacho tayari ni chako. Nimeona wanafunzi wakipanda kutoka alama hizo hizo zako hadi sabini kwa mia kwa njia hii, na usingizi walilala.

Sasa tuje kwenye praktikali, maana huko ndiko unakopoteza alama nyingi zaidi na ndiko zinakorudi kwa urahisi.

Mawe yanafanana kwa sababu unayatazama rangi. Rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Tanzanaiti inayochimbwa Mererani, iliyojulikana ulimwenguni tangu 1967, nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia. Bluu ile inayouzwa huja baada ya kuichoma. Rubi nyekundu na yakuti ya bluu ni madini yale yale, korandamu, yaliyotofautishwa na vichafuzi kidogo tu: kromiamu kwenye rubi, chuma na titaniamu kwenye yakuti. Kwatsi inaweza kuwa nyeupe, ya waridi, ya zambarau au ya moshi. Ukianza na rangi umeshapotea kabla ya kugusa kitu.

Tengeneza kisanduku chako leo hii. Tafuta msumari, kipande cha kioo kilichosuguliwa kingo, kipande cha waya wa shaba, kigae cha bafuni kilichovunjika, sumaku kutoka kwenye spika iliyokufa, na ndimu. Kucha yako ina ugumu wa takriban 2.5 kwenye kipimo cha Mohs, shaba kama 3, kioo na msumari wa kawaida karibu 5.5. Jasi ni 2, kwa hiyo kucha inaikwangua. Kalisaiti ni 3, msumari unaikwangua bila shida. Kwatsi ni 7, yenyewe ndiyo inayokwangua kioo. Kwa vitu hivyo vichache umegawa sanduku zima la maabara katika mafungu matatu au manne, na kila fungu lina madini machache ya kuchagua.

Hapo kuna mtego ambao huwanasa hata walio makini. Msumari ukiupitisha juu ya kwatsi unaacha mstari wa kijivu, na mwanafunzi anaandika "imekwanguka". Huo ni unga wa msumari. Lowesha kidole, futa, kisha pitisha kucha: kama hakuna mfereji, ni msumari uliokwanguka. Mtego wa pili ni kupima ngozi ya jiwe. Jiwe lililokaa juani na mvuani lina gamba laini lililooza, na ukipima hapo hata feldispa itaonekana dhaifu. Tafuta uso mpya, uliovunjika karibuni.

Baada ya ugumu, tazama linavyopasuka. Jambo hili linadharauliwa, nami naamini lina thamani kuliko yote. Chukua chumvi ya mawe, iponde kidogo, uitazame kwa kamera ya simu ukiivuta karibu: vijisanduku, kila upande bapa, kila pembe ya mraba. Iponde tena, vinatoka vijisanduku vidogo zaidi. Hiyo ni kwa sababu atomi zimejipanga zikaacha njia dhaifu tatu zinazokatana kwa nyuzi 90. Maika ina njia moja tu, ndiyo maana hubanduka kama kurasa. Kalisaiti ina tatu lakini zimelala upande, kama kisanduku kilichosukumwa na bega. Kwatsi haina njia dhaifu, huvunjika kama chupa, kwa mikunjo ya mviringo. Ukiweza kutofautisha uso uliopasuka bapa na uso uliovunjika ovyo, hutachanganya tena feldispa na kwatsi, makosa ninayoyasahihisha kila mwaka. Geuza jiwe polepole kwenye mwanga: feldispa hukupiga na mng'ao wa ghafla kama kioo cha dirisha, uso wote kwa mara moja. Kwatsi ina mng'ao wa mafutamafuta usio na dirisha. Na yale mawili meusi yanayokusumbua, pairoksini na amfiboli, yapime kwa pembe: pairoksini hupasuka karibu na nyuzi 90, amfiboli kwa nyuzi 56 na 124.

Kigae ni cha kupima rangi ya unga. Upande wa nyuma, usio na rangi wala mng'ao, sugulia jiwe. Hematiti inaweza kuwa nyeusi inayong'aa kama chuma, ila unga wake ni mwekundu wa kutu kila mara. Magnetaiti unga wake mweusi, na sumaku inaishika. Pairaiti, ile inayowapa tamaa ya bure wachimbaji wapya wa Geita na Chunya, ina rangi ya dhahabu na unga mweusi wenye ukijani. Dhahabu yenyewe huacha mstari wa dhahabu, na ukiigonga inabonyea badala ya kusagika.

Ndimu ni ya kalisaiti. Maabara mtapewa asidi hafifu ya haidrokloriki, lakini nyumbani kwangua unga kidogo, udondoshee ndimu, uinamie usikilize. Kwaruza ganda la kombe ulijaribu. Ukifika Zanzibar, jaribu mchanga mweupe wa pwani ya mashariki: unachemka, kwa sababu mwingi ni vipande vya matumbawe na makombe. Mchanga wa mto wa huko Dodoma hautachemka, ni kwatsi na feldispa. Hilo lenyewe ni swali la mtihani: kwa nini kwatsi ndiyo hubaki mchangani wakati olivini haipo?

Jibu lake linaunganisha mada mbili unazozisoma kama hazijuani. Norman Bowen, akifanya kazi kwenye maabara huko Washington mwanzoni mwa karne ya 20, aliyeyusha na kupoza madini ya silika hadi akaona mpangilio: olivini huganda kwanza kwenye joto kali, kisha pairoksini, amfiboli, biotaiti, na mwishoni kwenye joto la chini feldispa ya potasiamu, maskovaiti na kwatsi. Upande wa pili feldispa ya plajioklesi huanza na kalisiamu nyingi na kumalizia na sodiamu. Mwaka 1938 Samuel Goldich akaonyesha kwamba juu ya ardhi madini huoza kwa mfuatano huo huo: aliyezaliwa kwenye joto kali zaidi ndiye mgeni zaidi huku juu, hivyo huoza wa kwanza. Kwatsi aliyezaliwa mwisho anavumilia, na feldispa inageuka udongo wa mfinyanzi. Ukijifunza mchoro wa Bowen, usome kwenda chini kwa magma na kwa kuoza kwa madini uanze tena kule juu, na tayari umejibu maswali ya sura mbili.

Miamba mashapo na miamba geu nitaipita haraka kwa sababu ukishazoea kuuliza "ilitokeaje" hiyo inajisimulia. Mashapo yanakuambia nguvu iliyoyabeba: chembe za ukubwa mmoja, za mviringo, zimechujwa na maji au upepo kwa muda mrefu. Mawe makubwa yaliyochanganyika na tope bila mpango yameshuka kwa pamoja, kama tope lililoteremka Mlima Hanang likaifunika Katesh Desemba 2023. Watu wengi walikufa siku ile. Ukiandika juu ya maporomoko katika mtihani, kumbuka unaandika juu ya nyumba za watu, na eleza vizuri nafasi ya maji: yanaongeza uzito wa udongo na yanapunguza mshikano kati ya chembe. Kwenye miamba geu fuata tope likipanda ngazi: sheli, sleti, filaiti, shisti, naisi. Kila ngazi joto na mgandamizo vinazidi, chembe zinakua, na madini bapa yanajipanga yakikabili mgandamizo. Mchanga wa kwatsi huwa kwatsaiti, chokaa huwa marumaru, na hizo mbili hazijipangi kwa sababu hazina madini bapa ya kupanga.

Kipo kitu kimoja ambacho nusu ya darasa hukosea hata wanaofaulu: wanadhani chini ya ganda la dunia kuna bahari ya magma. Hakuna. Koti la dunia, toka chini ya ganda hadi kina cha kilomita 2,890, karibu lote ni gumu. Tunajua hivyo kwa sababu mawimbi ya tetemeko yaitwayo S, yale yanayotikisa upande kwa upande, hayapiti kwenye kimiminika, na koti yanalipita. Yanapofika kwenye kiini cha nje yanazimika. Hapo ndipo kuna kimiminika, cha chuma na nikeli, na ndani zaidi kuna kiini kigumu ambacho Inge Lehmann wa Denmark alikibaini mwaka 1936 kwa kusoma mawimbi hafifu yaliyotokea mahali yasipotarajiwa.

Basi magma inatoka wapi? Mwamba mgumu unaweza kuyeyuka kwa njia tatu: kuongezewa joto, kupunguziwa mgandamizo, au kuongezewa maji. Ya pili ndiyo ngumu kuamini na ndiyo iliyo nyumbani kwetu. Kwenye Bonde la Ufa ganda linavutwa, linakuwa jembamba, na mwamba wa moto chini yake unapanda. Joto lake halijaongezeka, ila uzito uliokuwa unaukandamiza umepungua, na mwamba uliokuwa mgumu kwa kubanwa unaanza kuyeyuka. Ya tatu ndiyo ya Japani na Andes, ambako bamba la bahari, kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia, linazama na kutoa maji yanayoshusha kiwango cha kuyeyuka cha koti lililo juu yake. Swali likiuliza chanzo cha volkano fulani, tafuta kwanza iko kwenye mpaka wa aina gani, njia ya kuyeyuka itafuata.

Tumia mifano ya kwetu, msahihishaji hufurahi kuona umeelewa na hujanakili. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilifika katikati ya Goma, Kongo, Januari 2002 kwa sababu ina silika kidogo, hivyo ni nyepesi na inakimbia. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, tumia hilo kueleza tofauti ya ukubwa, ambao ni mmoja kwa tetemeko zima, na ukali, ambao Bukoba ulikuwa mkubwa na mbali zaidi ukapungua. Kila hatua moja ya ukubwa ni mtikisiko mara 10 na nishati karibu mara 32. Lakini Ol Doinyo Lengai usiutumie kama mfano wa volkano ya kawaida. Lava yake ni ya kaboneti ya sodiamu, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu wakati basalti hupita 1,100, hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ndani ya siku chache. Ni volkano pekee hai inayojulikana kutema lava ya namna hiyo. Itaje ukiulizwa mambo ya pekee, hapo utapata alama.

Folti, yaani nyufa ambazo ardhi imeteleza kando yake, zinachanganya kwa sababu ya majina ya kuta mbili. Majina hayo yalianzia kwa wachimbaji. Simama ndani ya mgodi uliofuata folti iliyolala: ukuta unaoukanyaga ni ukuta wa miguu, ule ulio juu ya kichwa chako ndiko unakotundika taa. Ukuta wa taa ukishuka, ardhi imevutwa, ni folti ya kawaida, kama zile zilizozamisha Ziwa Tanganyika hadi kina cha mita 1,470. Ukipanda, ardhi imebanwa. Chora mtu mdogo ndani ya folti kila mara, hata kwenye karatasi ya mtihani. Hakuna anayekukata alama kwa hilo.

Sasa mchoro wa mkato, unaoonyesha ardhi kama imekatwa kwa kisu, swali la alama nyingi ambalo wengi huliruka. Nakuwekea mmoja hapa, uchore ukisoma. Chini kuna tabaka tatu zilizoinama: tope, juu yake mchanga, juu yake chokaa. Folti inazikata zote tatu. Juu ya tabaka hizo kuna mstari uliolala, kisha changarawe yenye vipande vya chokaa ndani yake. Folti inaishia kwenye mstari huo. Daiki nyembamba, yaani magma iliyopenya ufa ikaganda, inatoka chini, inakata tabaka zote pamoja na changarawe, lakini kichwa chake kimekatwa, na juu ya vyote imelala lava bapa.

Anza na lililo la zamani. Tope, mchanga, chokaa, kwa sababu tabaka hulazwa la chini kwanza, kanuni aliyoiandika Nicolaus Steno mwaka 1669. Zililazwa bapa, kwa hiyo kuinama kulifuata. Folti nayo ni baada ya chokaa, maana kinachokata ni kichanga kuliko kinachokatwa. Kuinama na folti, kipi kilitangulia? Mchoro hausemi, na wewe andika hivyo hivyo kwamba hausemi. Msahihishaji mzuri hutoa alama kwa ukweli huo. Kisha ardhi ikamomonyolewa hadi bapa. Ule mstari ni muda uliopotea, pengine mamilioni mengi ya miaka, na usiuache bila kuutaja. Changarawe ikaja, vipande vya chokaa ndani yake vinathibitisha chokaa ilikuwepo tayari. Daiki ikapenya. Mmomonyoko wa pili ukaikata kichwa. Lava ikamalizia. Sasa ukiambiwa daiki ina miaka milioni 30 na lava milioni 2, changarawe ina umri gani? Inazidi milioni 30. Mmomonyoko wa pili ulitokea kati ya milioni 30 na milioni 2. Chora michoro kama hii kumi, kila mmoja wenzako wakutungie, na swali hilo halitakuwa kitisho tena.

Umri wa miaka unatoka kwenye nusu-uhai, na hesabu yake ni ya kugawa kwa mbili tu. Potasiamu 40 hupungua nusu kila miaka bilioni 1.25. Ikibaki sehemu moja ya nane, imegawanyika mara tatu, basi mwamba una miaka bilioni 3.75. Kosa linalorudi kila mwaka ni kupima granaiti kwa kaboni 14. Nusu-uhai wake ni miaka 5,730, inafaa kwa vitu vilivyokuwa hai na haifiki mbali zaidi ya miaka 50,000 hivi. Majivu ya volkano ya Oldupai yalipimwa kwa potasiamu na agoni, na mwaka 1961 yakatangazwa kuwa na takriban miaka milioni 1.75, kaboni isingefika huko.

Umeuliza uache nini. Acha kukariri vipindi vyote vya muda wa kijiolojia na mgawanyo wake mdogo. Shika zama kuu na tarehe chache: dunia miaka bilioni 4.54, mwanzo wa Kambria kama milioni 539, kutoweka kwa dinosaria milioni 66. Acha kunakili slaidi kwa kalamu za rangi, mkono unachoka na kichwa kimelala. Usiache maji ya ardhini, sura fupi ambayo wengi huiruka na haikosi mtihanini: udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi za kushika maji lakini hauyapitishi, kwa sababu vijitundu vyake ni vidogo mno. Anayechimba kisima anatafuta vyote viwili: nafasi za kushika maji na njia ya kuyapitisha.

Ratiba yako iwe hivi. Wiki ya kwanza shika mawe kila siku, hata nusu saa. Omba msimamizi wa maabara akufungulie saa zisizo na darasa, wengi hukubali ukiomba kwa heshima na ukirudisha kila jiwe kwenye namba yake. Jioni chora bila kutazama: ndani ya dunia, mipaka ya mabamba, mchoro wa Bowen, mzunguko wa miamba. Kisha fungua desa ujaze kilichokosekana kwa wino mwekundu. Kesho yake chora tena. Wekundu ukipungua, unajifunza. Wiki ya pili ni ya michoro ya mkato, hesabu na matetemeko. Wiki ya tatu kaa na mitihani ya miaka iliyopita, saa mbele yako na desa limefungwa, na mbadilishane karatasi na mwenzako mkisahihishana kwa ukali. Usiku wa kuamkia mtihani lala.

Ukiwa ndani, tazama alama za swali kabla ya kuandika. Swali la alama mbili halihitaji ukurasa. Neno "eleza" linadai kisa chenye sababu, "taja" linadai majina tu. Kwenye praktikali andika vipimo kabla ya jina: ugumu, mpasuko, unga, ndimu. Ukikosea jina lakini vipimo vyako vikawa sahihi, utapata sehemu kubwa ya alama. Ukiandika jina tu na ukakosea, hakuna cha kukupa.

Haya, lete jiwe lako. Lioshe, litoke vumbi lote, kisha litafutie uso uliovunjika karibuni. Yale meupe, yana madirisha yanayong'aa au mafuta yasiyo na umbo? Huenda ukaona yote mawili, basi una feldispa na kwatsi. Yale meusi, chomeka ncha ya sindano: yakibanduka kurasa ni biotaiti, yasipobanduka pima pembe. Ukifika hapo umebakiza uamuzi mmoja. Vilima vya Dodoma vina granaiti na vina naisi, na kwa madini tu zinaweza kulingana kabisa. Lizungushe jiwe pande zote, juani, ukiangalia yale meusi peke yake: yametawanyika ovyo kama ufuta juu ya mkate, au yamejipanga mistari inayofuatana kutoka upande mmoja hadi mwingine? Andika unachokiona pamoja na sababu, halafu nitumie.